Kabla ya Kusema Asante, Sikiliza

Kila Jumapili, kwa zaidi ya miaka miwili, bibi mmoja wa usharika wetu alileta mayai sita ya kienyeji kwenye kikapu kidogo, yamefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Alimkabidhi mzee wa kanisa aliyekuwa zamu mlangoni, akasema maneno mawili matatu, akaingia kuketi. Ibada ikiisha, mayai yalitoka nje kwenda mnadani pamoja na mikungu ya ndizi, maparachichi na jogoo aliyefungwa miguu. Mnadishaji alipandisha bei, mtu akanunua, watu wakapiga makofi, fedha zikaingia kwenye hesabu ya siku. Na kila mara pale mlangoni bibi aliambiwa, "Asante sana bibi, Mungu akubariki."

Kisha mayai yakakoma. Bibi hakuacha kanisa. Aliendelea kukaa benchi lake lile lile la karibu na dirisha, ila kikapu hakukibeba tena. Tukasema labda kuku wake wamekufa kwa kideri. Ilipita miezi mitano kabla sijaenda kumjulia hali, wakati huo nikiwa mhazini. Kuku niliwakuta uani wanachakura, wazima. Nilipouliza, bibi alinijibu bila hasira kwamba mayai yale hakuyaleta yauzwe. Alitaka apelekewe mzazi yeyote wa usharika aliyejifungua juma hilo. Yeye mwenyewe alipojifungua kitinda mimba wake, nyumbani hakuna kitu, jirani aliyekuwa maskini kuliko yeye alimletea mayai sita, naye akaweka nadhiri moyoni. Alimweleza mzee wa zamu Jumapili ya kwanza, akaeleza ya pili, akaeleza ya tatu. Alijibiwa asante. Baadhi ya Jumapili hizo mzee wa zamu nilikuwa mimi.

Bibi yule alishukuriwa zaidi ya mara mia, wala hakusikilizwa hata mara moja. Tangu siku ile nimeamini kwamba shukrani huanzia sikioni. Mtu usiyemsikiliza huwezi kumshukuru. Utampa risiti tu. Nawaandikia wachungaji, wazee wa kanisa, wahazini na viongozi wa vikundi, nikieleza yale tuliyojifunza polepole, mengine kwa kukosea.

Wanaoubeba usharika

Tukisema wafadhili wa kanisa, wengi humfikiria mgeni rasmi wa harambee au marafiki wa Ulaya. Hebu chukua daftari uandike majina ya watu ambao wakikaa nyumbani juma moja, Jumapili yenu haitakwenda sawa. Utamkuta kijana anayefika alfajiri kufungua milango na kufunga spika. Utamkuta mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Wapo wanakwaya wanaotoka kazini wamechoka na kupitia mazoezini kabla ya kwenda nyumbani. Yupo mwalimu wa Shule ya Jumapili anayenunua chaki kwa fedha yake, na jirani asiye hata Mlutheri aliyewaazima turubai na viti siku ya Mikaeli na Watoto. Yupo wa bahasha ya elfu moja ambaye hajakosa tangu ulipomfahamu. Na yupo mzee aliyelala kitandani kwa kiharusi, ambaye kila jioni anawataja viongozi wake kwa Mungu mmoja mmoja.

Mtume Paulo alijua kuandika daftari la namna hiyo. Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi wasomaji wengi huiruka kwa kuwa imejaa majina. Isomeni tena kwenye kikao cha wazee. Aliwaandikia watu wa mji ambao alikuwa bado hajafika, na bado akawataja zaidi ya ishirini, wengi wao pamoja na jambo walilofanya. Fibi aliwasaidia wengi. Priska na Akila walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mariamu alijitaabisha. Mama yake Rufo alikuwa mama kwake pia. Hakusema "nawashukuru wote kwa ujumla wenu". Alimjua kila mmoja kwa kazi yake.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: karibu na daftari la matoleo wekeni daftari la pili, la watu. Ndani yake andikeni jina, anachotoa, na kwa nini anatoa kama amesema. Mhazini asilishike peke yake. Katibu wa usharika au mwinjilisti anafaa zaidi, kwa kuwa anatembea. Na lisiachwe mezani.

Namna ya kusikiliza

Wengi tunadhani tunasikiliza kwa kuwa tumetundika sanduku la maoni ukutani. Sanduku lina kazi yake, hasa kwa mwenye jambo zito asiyetaka kujulikana. Lakini watu wetu hawajazoea kuliandikia sanduku. Wanazungumza na mtu aliyekuja kwao na kukaa.

Nendeni nyumbani, wawili wawili, mmoja wenu akiwa mwanamke. Msibebe kitabu cha risiti wala kadi ya ahadi. Mwenye nyumba akiona kitabu tu, mazungumzo yamekwisha. Ataanza kujitetea kuhusu ahadi yake kabla hujaketi. Tumieni maswali machache. Sisi tumezoea matatu. Ni jambo gani la usharika huu linalokupa furaha? Ni jambo gani linalokukwaza? Na unapotoa, kwa mali au kwa mikono, unatamani kitu gani kitokee? Lile la tatu ndilo lingemwokoa bibi na mayai yake.

Ukishauliza, nyamaza. Jibu la kwanza kwa kawaida ni la adabu: "Hakuna neno, tunamshukuru Mungu." Usilichukue ukaondoka nalo. Kunywa chai, ulizia watoto na shamba, mwache mwenyeji aendeshe mazungumzo. Mara nyingi neno lenyewe hutoka wakati wa kusindikizwa, kati ya mlango na barabara, likianza na "Lakini mzee, kuna kitu kimoja..." Kwa hiyo msifanye haraka ya kupanda pikipiki. Dakika zile kumi za kusindikizwa zina thamani kuliko saa nzima ya sebuleni.

Likishatoka, usilijibu hapo hapo. Hili ndilo gumu kwetu sisi viongozi. Mama akisema matangazo ni marefu mpaka watoto wanalia njaa, ulimi wako utataka kueleza kwa nini ni marefu. Uzuie. Sema, "Nimekusikia. Unasema matangazo yanachosha watoto. Nitalifikisha." Kumrudishia mtu neno lake kunamhakikishia kwamba limefika. Ukianza kulitetea baraza, hatakueleza la pili, na la pili ndilo alilokusudia kusema.

Jumuiya za nyumba kwa nyumba nazo ni masikio ya usharika, kama tutaziacha ziseme. Siku hizi jumuiya nyingi zimekuwa mahali pa kushushia maagizo: mchango huu, tarehe ile. Chagueni mkutano mmoja katika kila robo ya mwaka ambao hakuna tangazo lolote la mchango. Baada ya neno na sala, kiongozi aulize na katibu aandike kwa maneno ya msemaji mwenyewe, bila kuyanyoosha.

Kisha rudisheni jibu. Kusikiliza bila kurudisha jibu kunaumiza kuliko kutosikiliza kabisa, maana mtu alishatarajia. Ndani ya mwezi mmoja kila neno lililopokelewa lipate moja ya majibu matatu: tumefanya; hatuwezi, na sababu ni hii; au bado tunalitafakari, tutawaambia tarehe fulani. "Hatuwezi" iliyosemwa kwa heshima hupokelewa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachowachosha watu ni ukimya.

Kanisa la kwanza lilipitia hapo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia manung'uniko ya Wayahudi wasemao Kiyunani, kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wangeweza kusema hawa ni watu wa kulalamika. Badala yake waliita mkutano, wakaliacha kusanyiko lichague watu saba, na majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walipewa kusimamia mgawo wenyewe. Huko ndiko kusikiliza kunakobadilisha utaratibu. Nanyi mkimsikia mtu akilalamika kuhusu usafi wa vyoo vya kanisa, mwulizeni kama angependa kuingia kwenye kamati itakayovishughulikia.

Bahasha iliyonyamaza

Kuna neno ambalo halisemwi kwa mdomo. Bahasha yenye namba iliyokuwa ikirudi kila juma, ghafla hairudi. Katika sharika nyingi kinachofuata ni karatasi ya kumkumbusha mtu ahadi yake, au jina lake kusomwa miongoni mwa wasiokamilisha. Naomba tuache jambo hilo. Kwetu iliwahi kunyamaza bahasha ya kijana wa bodaboda kwa miezi minne. Tulikuwa tumeshaandika karatasi ya kumkumbusha, mzee mmoja akasema aende kwanza akamwone. Alimkuta na mguu kwenye plasta, pikipiki ilikuwa ya mkataba na mwenye nayo alikuwa ameshaichukua. Kijana aliacha kuja kanisani kwa sababu aliona aibu kupita mbele ya sanduku la sadaka na mikono mitupu. Karatasi yetu ingemfukuza moja kwa moja.

Mtu ni mtu kabla hajawa mtoaji. Kama umekula naye wakati wa mavuno, kaa naye wakati wa njaa. Siku ambayo usharika unamwendea mtu asiyeweza kutoa chochote, ukampelekea unga na sala, siku hiyo anajua kwamba asante zote za nyuma zilikuwa za kweli. Basi mhazini akiona bahasha imenyamaza kwa mwezi mmoja, asiipeleke kamati ya fedha. Ampelekee mchungaji au mzee wa mtaa wake, aseme tu: mtembeleeni fulani. Asitaje kiasi.

Asante yenye jina

Sasa tuje kwenye kushukuru kwenyewe. Asante nzuri ina mambo matano, na yote yanaingia kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ifike mapema, juma halijaisha. Imtaje mtu kwa jina lake na kwa heshima yake. Itaje kitu alichofanya. Iseme kilichotokea kwa sababu hiyo. Na iishie hapo, bila ombi.

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Usharika unawashukuru wote waliojitoa kwa hali na mali kufanikisha Sikukuu ya Mavuno, Mungu awabariki, na tunawakumbusha mchango wa paa." Ya pili: "Shikamoo mama. Jana ulikaa jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri, na wageni wa mtaa wa juu waliotembea saa mbili walikuta uji wa moto. Mzee wao aliniambia hajawahi kupokelewa hivyo. Asante sana." Ya kwanza ni tangazo. Ya pili mama ataihifadhi kwenye simu na kumwonyesha binti yake.

Lile la tano, la kuishia bila ombi, lina uzito wake. Shukrani inayofuatiwa na ombi huwafundisha watu kuogopa shukrani. Mchungaji akianza tu kuwasifu, wanashika mifuko. Katika Kitabu cha Kutoka sura ya 36, watu walileta vitu vya kujengea hema ya kukutania kila asubuhi, mpaka mafundi wakaenda kumwambia Musa kwamba vimezidi mahitaji. Musa akatangaza kambini wasilete tena. Kusema "imetosha" ni shukrani ya juu, kwa maana inaonyesha kwamba mliomba kwa sababu ya kazi, na kazi imekwisha. Kama bati la paa limetimia, simameni mseme limetimia, na mchango wa bati ufungwe siku hiyo hiyo.

Tuangalie pia kushukuru hadharani. Ni desturi yetu kumpigia makofi aliyenunua yai mnadani kwa elfu kumi. Sina ugomvi na makofi hayo. Lakini aliyelileta yuko wapi? Ongezeni neno moja: mnadishaji aseme yai hili limetoka mikononi mwa fulani, kama fulani ameridhia kutajwa. Na kama hajaridhia, nyamazeni, kwa kuwa wako wengi wanaolishika fundisho la Mlimani lile la mkono wa kushoto kutojua afanyalo wa kuume. Ulizeni kwanza. Kuusoma msururu wa majina na viwango, kutoka mkubwa hadi mdogo, kunawapa fahari wachache na kuwafanya wengi wainamishe vichwa.

Bwana wetu alikaa kuelekea sanduku la hazina akatazama watu wakitia, kama Marko anavyosimulia sura ya 12. Alimwona mjane na sarafu zake mbili, akajua kwamba ndiyo riziki yake yote. Hatusomi kwamba alimwita mbele. Aliwaita wanafunzi wake, akawafundisha wao kuona. Wazee wa kanisa nao wafundishwe kuona.

Kwa wanaotoa nguvu zao, asante iliyo bora ni kupumzishwa. Mwulize mfagiaji amechoka kiasi gani. Mwulize mwalimu wa kwaya kama ana mtu wa kumshikia Jumapili moja aende kwao kusalimia wazazi. Msifanye kosa la kumsifu mtu mpaka akashindwa kuacha. Mtu aliyehudumu miaka kumi akaomba kupumzika, muombeeni mbele ya kusanyiko, mkabidhini mwingine zamu yake kwa heshima, wala msimsengenye.

Na hesabu zenyewe ni shukrani. Mtoaji anayeona fedha yake imefanya nini ameshukuriwa kwa lugha anayoielewa. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Wakorintho wa Pili sura ya 8 inaeleza jinsi alivyomtuma Tito pamoja na ndugu wengine ili asiwepo wa kuwalaumu. Bandikeni ukutani kila robo ya mwaka karatasi moja, kwa herufi kubwa anazoziona mzee asiye na miwani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kama kuna kilichoharibika, kisemeni. Mlinunua bati jepesi likang'oka, andikeni hivyo. Watu husamehe kosa waliloambiwa mapema.

Walio mbali

Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kwa miongo mingi mkono mkubwa wa kutoa ulionekana kuwa wa ng'ambo. Tukajifunza kuandika barua ndefu za asante kwenda ng'ambo. Leo sehemu kubwa ya bahasha iko mikononi mwetu wenyewe, lakini desturi imebaki: rafiki wa Ujerumani anapata kurasa mbili na picha, mama wa uji wa alfajiri anapata "Mungu awabariki nyote". Sisemi tuwapunguzie wageni. Nasema tuwapandishe wa nyumbani.

Wapo pia watoto wa usharika waliohamia Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, wanatuma sadaka wakiwa huko huko. Anapotuma, simu yake inamwambia muamala umekamilika. Huo ni ujumbe wa mtandao. Asikie na sauti ya mtu. Kila Jumatatu mtu mmoja achukue orodha ya waliotuma, apige simu mbili au tatu, asalimie, ashukuru, aulize: "Huko ulipo, tukuombee nini?" Mara nyingi utagundua kwamba anayetuma kutoka mbali anatafuta habari za nyumbani kuliko risiti. Mwambie mwembe wa uani mwa kanisa umezaa, na mwalimu wake wa kipaimara bado yupo na amemsalimu.

Kwa wadau wa ng'ambo, andikeni ukweli. Kisima kimechimbwa, maji yametoka, lakini pampu imesimama tangu Mei na fundi anasubiri kipuri: hiyo ni barua ya rafiki kwa rafiki. Nanyi waulizeni habari zao, wazee wao wanaokaa peke yao na makanisa yao yanayopungukiwa vijana, kisha muwaombee kwa majina. Urafiki wa upande mmoja haudumu. Na mnapotuma picha za watoto, ombeni kwanza ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watoto, na hata isingekuwepo, mtoto wa mtu si kielelezo cha umaskini wa kuonyeshwa.

Anzeni na kidogo

Msijaribu yote mwezi huu. Wekeni kwenye kalenda ya usharika mambo manne: ziara mbili kila juma zisizo na mchango, mkutano mmoja wa jumuiya wa kusikiliza kila robo, karatasi ya hesabu ukutani kila robo, na Jumapili moja kwa mwaka ambayo shughuli yake ni kushukuru tu, isiyo na harambee wala bahasha maalumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu bibi wetu, nililipeleka neno lake kwenye baraza la wazee. Tukaweka daftari mlangoni kwa ajili ya sadaka zenye kusudi, na mzee wa zamu siku hizi ana swali moja la kuuliza anapopokea kitu: "Ungependa kiende wapi?" Umoja wa Wanawake wakachukua jukumu la kuyafikisha mayai. Nilimwendea bibi kumwomba radhi, nikamweleza. Hakusema mengi. Jumapili iliyofuata kikapu kilikuwa mlangoni, jani la mgomba juu yake.

Majuma machache baadaye mzazi mmoja alipotoka kwenye uzazi alipitia kwa bibi na mtoto mgongoni. Walikaa barazani jioni nzima. Bibi hakuuliza habari za mayai. Aliuliza mtoto anaitwa nani, akampakata, na mimi niliyekuwa napita njiani nikamsikia akilirudia jina lile polepole, kama mtu anayelikariri asije akalisahau.

Jumapili hii, watu wakishatoka, fungua daftari la usharika wako. Tafuta jina moja ambalo hujalisikia kwa muda. Nenda kwake Jumatatu jioni, mikono mitupu. Kaa, uliza, nyamaza. Na ukisindikizwa, tembea polepole.